Kipimo cha damu na muda wa kuishi kwa mwenye moyo ulioshindwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la kliniki ya moyo, ambako nimekuwa muuguzi kwa miaka kadhaa. Mengi huulizwa daktari akishamaliza, mlangoni, kwa sauti ya chini, karatasi ya majibu ya kipimo cha damu kiitwacho BNP ikiwa mkononi. Nimeanza na ya msingi, nikamalizia na yale yenye utata. Jambo likiwa limeelezwa mahali pengine, nimetaja namba ya swali badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Kushindwa kwa moyo maana yake moyo umesimama?

Hapana. Moyo unapiga, ila hausukumi damu inayotosha mwili, au umekakamaa na haujai vizuri kati ya pigo na pigo. Damu inarundikana nyuma yake. Miguu inavimba, tumbo linajaa, mapafu yanalowa, na mtu anaanza kulalia mito miwili, kisha mitatu, mwishowe anakesha ameketi kwenye kiti. Mitaani utasikia "moyo umetanuka" au "moyo umejaa maji". Ni ugonjwa wa kudumu, lakini una dawa zinazorefusha maisha. Bila hilo la pili, maswali yote yanayofuata yasingekuwa na maana.

2. Kipimo hiki cha BNP kinapima nini hasa?

Kuta za moyo zikitanuliwa na shinikizo, seli za misuli yake humwaga homoni iitwayo BNP, inayoziamuru figo zitoe chumvi na maji, na mishipa ya damu ilegee. Kadiri moyo unavyoelemewa ndivyo homoni hiyo inavyozidi kwenye damu. Kipimo kinasoma wingi wake.

Watafiti wa Japani waliitambua mwaka 1988 kwenye ubongo wa nguruwe, na herufi B ikatokana na jina la ubongo kwa Kiingereza, "brain". Baadaye ikajulikana kwamba moyo ndio unaoitengeneza kwa wingi, hasa vyumba vyake vya chini, lakini jina lilikuwa limeshakaa. Kwa hiyo mtu akikuambia B ni ya ubongo, usidhani kichwa chako kina tatizo. Nimemkuta mama aliyekosa usingizi wiki nzima kwa sababu hiyo.

3. Karatasi moja imeandikwa BNP, nyingine NT-proBNP. Ni kitu kimoja?

Ni ndugu wa tumbo moja. Moyo hutengeneza kipande kirefu kinachokatwa sehemu mbili: BNP, ambayo ndiyo homoni inayofanya kazi, na NT-proBNP, ambayo ni kipande kinachobaki. BNP hupungua hadi nusu ndani ya dakika 20 hivi. NT-proBNP hukaa kwenye damu saa moja hadi mbili kabla ya kupungua kiasi hicho, kwa hiyo namba zake huwa kubwa zaidi.

Usilinganishe namba ya kipimo kimoja na ya kingine. Angalia pia kizio. Maabara nyingi huandika pikogramu kwa mililita, lakini zipo zinazoandika pikomoli kwa lita, na kwa NT-proBNP pikomoli moja ni sawa na karibu pikogramu 8.5. Mtu aliyepima hospitali mbili tofauti anaweza kudhani amepona au amezidiwa, kumbe ni kizio tu kilichobadilika. Kwenye ukurasa huu natumia pikogramu kwa mililita.

4. Namba ngapi ndiyo mbaya?

Inategemea swali linaloulizwa. Kwa mtu aliyekuja kliniki kwa miguu yake, na dalili zimeanza polepole, NT-proBNP chini ya 125 au BNP chini ya 35 inafanya ugonjwa huu usiwe wa kutiliwa shaka sana. Kwa aliyeletwa mapokezi ya dharura pumzi ikikata, mipaka ni 300 na 100. NT-proBNP ikizidi 450 kwa aliye chini ya miaka 50, 900 kwa wa miaka 50 hadi 75, na 1,800 kwa aliyepita hapo, ushahidi unaelemea kwenye moyo.

Mipaka hiyo imewekwa kwa ajili ya kutambua ugonjwa. Kutabiri ni hesabu nyingine kabisa, na huko hakuna mstari mmoja ambao ukiuvuka unahesabiwa kuwa unaondoka.

## Kutabiri

5. Je, namba hii inaweza kuniambia nitaishi muda gani?

Hili ndilo swali lenyewe, na nalijibu bila kuzunguka: haiwezi kukuambia wewe. Inachoweza ni kusema jambo kuhusu kundi la watu wanaofanana nawe. Kati ya wagonjwa mia wenye NT-proBNP ya juu sana, wengi zaidi hufariki au hulazwa tena mapema kuliko kati ya mia wenye namba ya chini. Hilo limeonekana tena na tena, katika nchi nyingi, kwa wanaume na wanawake, wenye moyo uliolegea na wenye moyo uliokakamaa. Ndiyo maana miongozo ya Ulaya na Marekani inakubali kipimo hiki kitumike kupima uzito wa hatari.

Ila ndani ya kundi hilo la juu wapo wanaoishi miaka mingi, na karatasi haiwezi kuonyesha nani ni nani. Kwa hiyo daktari akikuambia "namba yako iko juu", sikia hivi: moyo wako umeelemewa, na ni wakati wa kukaza matibabu. Hajakutajia tarehe. Ningependa kila anayetoa majibu dirishani alijue hilo, maana neno moja la haraka pale linaweza kumvunja mtu.

6. Kipi chenye uzito zaidi: namba ya leo au mwendo wake?

Mwendo wake. Kwa mgonjwa aliyelazwa, namba ikishuka kwa asilimia 30 au zaidi kati ya kuingia na kuruhusiwa, mwelekeo ni mzuri. Isiposhuka, au ikipanda, anahitaji kufuatiliwa kwa karibu sana wiki za mwanzo nyumbani. Utafiti mkubwa wa PARADIGM-HF ulionyesha jambo hilohilo kwa wagonjwa wasiolazwa: waliofanikiwa kuishusha NT-proBNP hadi 1,000 au chini walipata matatizo machache zaidi kwa mbali kuliko ambao haikushuka.

Kuna mzee huja na karatasi zake kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki. Ya kwanza, siku aliyolazwa: 6,240. Ya pili, miezi mitatu baadaye: 2,910. Ya tatu: 3,050. Hiyo ya tatu alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu mwenyewe, na mkono ulikuwa ukimtetemeka aliponionyesha. "Nesi, imepanda." Nikamwekea zote tatu mezani kwa mpangilio wa tarehe. Kutoka 2,910 hadi 3,050 ni tofauti ya asilimia 5 hivi. Homoni hii hucheza kiasi hicho, na zaidi, kwa mtu yuleyule ambaye hajabadilika kitu. Kutoka 6,240 hadi 2,910 ni zaidi ya nusu. Hiyo ndiyo habari. Nikamuuliza analalia mito mingapi siku hizi. Mmoja.

7. Nimesikia troponini, ST2 na galektini-3. Nazo nizitafute?

Troponini wengi wanaijua kwenye shambulio la moyo: misuli ikifa, protini hiyo huvujia kwenye damu. Kwa mwenye moyo ulioshindwa huvuja kidogokidogo kila siku, na vipimo vya kisasa vyenye hisia kali vinakikamata kiasi hicho kidogo. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa zaidi ya 9,000, ulionyesha kwamba troponini T ya nanogramu 18 kwa lita au zaidi iliambatana na hatari kubwa zaidi ya kifo, hata baada ya kuhesabu umri, figo na NT-proBNP.

ST2 na galektini-3 zinaeleza habari nyingine, ya moyo kuota makovu na kukakamaa. ST2 ina sifa moja nzuri: haiyumbishwi sana na umri wala figo. Kwa galektini-3, ukishajua NT-proBNP na hali ya figo, inaongeza kidogo tu. Kwa mtu anayelipa kutoka mfukoni, ushauri wangu ni kutovikimbilia hivi viwili. Fedha hiyo inunue dawa.

8. Hospitali yetu haina vipimo hivyo. Hakuna cha kutusaidia kujua?

Kipo, na pengine tayari kimeandikwa kwenye karatasi yako bila mtu kukueleza. Vipimo vya kawaida vinatabiri vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Kreatinini na yurea zinaonyesha figo. Moyo na figo hushikana mikono: mmoja akidhoofika humvuta mwenzake. Sodiamu ikishuka chini ya 135, mara nyingi ina maana mwili unashikilia maji kupita kiasi, na hiyo ni dalili ya ugonjwa uliokomaa. Hata upana wa tofauti ya ukubwa kati ya chembe nyekundu za damu, ule ulioandikwa RDW kwenye picha kamili ya damu na ambao karibu hakuna anayeutazama, ulionekana katika uchambuzi wa mwaka 2007 kuwa miongoni mwa viashiria vyenye nguvu.

Kisha kuna himoglobini, na hapa nataka kukaa kidogo. Katika utafiti wa wagonjwa wa moyo uliofanyika Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa na upungufu wa damu, na mara nyingi chanzo kilikuwa ukosefu wa madini ya chuma. Upungufu huo uliambatana na matokeo mabaya zaidi. Hiki ni kiashiria kinachotabiri na papo hapo kinatibika. Miongozo inahesabu upungufu wa chuma kuwa feritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini) chini ya 100, au kati ya 100 na 299 ikiwa ujazo wa transferini, protini inayobeba chuma kwenye damu, uko chini ya asilimia 20. Jaribio la Marekani la mwaka 2017 lilionyesha kwamba vidonge vya chuma vya kumeza havikuwaongezea wagonjwa hawa uwezo wa mazoezi; chuma cha kuingizwa kwenye mshipa ndicho kilichowapa nafuu katika majaribio mengine. Kama himoglobini yako ni 9 na hakuna aliyetafuta sababu, uliza.

9. Kuna kikokotoo cha kuweka namba zote pamoja?

Vipo kadhaa. MAGGIC, cha mwaka 2013, kilijengwa kwa taarifa za wagonjwa 39,372 na kinatumia mambo 13, kama vile umri, presha, nguvu ya moyo kwenye eko (ultrasaundi ya moyo), kreatinini, kisukari, na kama mgonjwa anatumia dawa husika. Hakihitaji BNP kabisa, kwa hiyo kinafaa hata kituo kisicho na kipimo hicho. Kile cha Barcelona kinaweza kuongezewa NT-proBNP, troponini na ST2. Vyote vinatoa asilimia za kundi, kwa maana ile ya swali la 5. Usijaze peke yako usiku ukiwa na hofu. Jaza na daktari, ili ikitoka asilimia mjue pamoja kitakachofuata.

10. Takwimu hizi ni za Wazungu. Zinatuhusu sisi?

Mwelekeo unatuhusu, namba kamili ni za kuangaliwa kwa makini. Kwao mgonjwa wa kawaida ana miaka zaidi ya 70 na mishipa ya moyo iliyoziba. Utafiti wa THESUS-HF, uliofuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, ulikuta wastani wa umri ni miaka 52. Chanzo kikuu kilikuwa presha, na mishipa iliyoziba ilikuwa sehemu ndogo. Karibu asilimia 18 walifariki ndani ya siku 180. Katika tafiti ya INTER-CHF ya mwaka 2017, iliyolinganisha mabara, vifo vya mwaka mmoja kwa washiriki wa Afrika vilifika asilimia 34, juu kuliko sehemu nyingine zote.

Tofauti hiyo haiko kwenye damu zetu peke yake. Mtu mwenye NT-proBNP ya 3,000 anayepata dawa zote kila mwezi, na mwenye 3,000 hiyohiyo anayekosa dawa wiki mbili kila mwezi, hawana hatari moja. Kipimo hakiioni rafu tupu ya famasi.

Jambo la pili: tafiti za Marekani zimekuta Wamarekani weusi wana viwango vya chini vya homoni hii kwa asili. Namba ya "wastani" isimfanye mtu apuuze dalili zilizo wazi.

## Dawa na namba

11. Namba imeshuka. Naweza kuacha dawa?

Usiache. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Tumewapokea wengi waliotoka hapa wakitembea na kurudi kwa machela baada ya miezi miwili, na hadithi ni moja: "Niliona nimepona."

12. Nimeanzishiwa dawa yenye sakubitrili, na BNP imepanda. Imenidhuru?

Huenda dawa inafanya ilichokusudiwa. Sakubitrili huzuia kimeng'enya cha neprilisini kinachovunja BNP, kwa hiyo BNP inaweza kupanda wakati moyo unapata nafuu. NT-proBNP haivunjwi na kimeng'enya hicho, na ndiyo inayofaa kufuatiliwa kwako. Mwambie mtaalamu wa maabara dawa unazotumia, na uombe NT-proBNP kwa jina lake kamili. Katika PARADIGM-HF, iliyochapishwa mwaka 2014 ikiwa na wagonjwa zaidi ya 8,000, dawa hiyo iliyochanganywa na valsatani ilipunguza vifo vya moyo na kulazwa kwa asilimia 20 ikilinganishwa na enalaprili, dawa ya siku nyingi ya moyo na presha.

13. Kwa nini daktari hanipimi kila ninapokuja, akapanga dozi kwa kufuata namba?

Njia hiyo ilijaribiwa kwa dhati. Katika GUIDE-IT ya Marekani, wagonjwa 894 waligawanywa: nusu dozi zao zilipangwa kwa lengo la NT-proBNP chini ya 1,000, nusu walitibiwa kawaida. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa kukosa faida. Makundi yote mawili, asilimia 37 walifariki kwa moyo au walilazwa tena.

Kilicholeta tofauti ni kuongeza dozi haraka. STRONG-HF ya mwaka 2022, iliyokuwa na wagonjwa 1,078 wakiwemo wa Msumbiji na Nigeria, iliwafikisha wagonjwa kwenye dozi kamili ndani ya wiki mbili baada ya kuruhusiwa, kwa miadi ya mara kwa mara. NT-proBNP ilitumika kama mlinzi tu: ikipanda sana, mwendo unapunguzwa. Waliofariki au kulazwa tena kwa moyo ndani ya siku 180 walikuwa asilimia 15.2, dhidi ya 23.3 kwa waliotibiwa kawaida. Ukipewa miadi baada ya wiki moja, nenda, hata kama unajisikia vizuri.

## Siku ya kupima

14. Nifunge kula? Nisimamishe dawa?

Huhitaji kufunga, na usisimamishe dawa yoyote. Ni vizuri kuketi na kutulia kabla ya kutolewa damu, hasa kama umepanda ngazi.

Kwa wanaosafirisha sampuli kutoka wilayani: BNP huharibika upesi, inataka chupa ya plastiki yenye kifuniko cha zambarau na kupimwa ndani ya saa chache. NT-proBNP ni mvumilivu zaidi. Sampuli ikisafiri kwa basi, agizeni NT-proBNP.

15. Kipimo ni ghali. Nikiweza mara moja tu, nipime lini?

Kama ugonjwa umeshathibitishwa kwa eko, ningechagua siku ya kuruhusiwa kutoka wodini. Namba hiyo, maji yakiwa yameshatolewa, ndiyo inayosema mengi kuhusu miezi ijayo. Na kama ni kuchagua kati ya kipimo na dawa za mwezi, chukua dawa, kisha fuatilia vile vya swali la 8.

Mizani ya nyumbani nayo ni kipimo. Jipime kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai. Ukiongezeka kilo mbili au zaidi ndani ya siku tatu, piga simu kliniki.

## Yenye utata

16. Mimi ni mnene, namba yangu ni ndogo, lakini nahema sana. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Watu wanene huwa na viwango vya chini vya homoni hii, na hatari yao inaweza kufichika. Namba ndogo kwako haifuti dalili. Omba eko.

17. Nina ugonjwa wa figo pia. Namba yangu bado ina maana?

Ina maana, ila isomwe tofauti. Figo ndizo huondoa sehemu kubwa ya NT-proBNP, hivyo zikichoka namba hupanda hata bila moyo kubadilika. Umri mkubwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio nayo huipandisha. Kwa watu hawa karatasi moja haisaidii sana. Msingi ni kujilinganisha na wewe mwenyewe, kama yule mzee wa swali la 6.

18. Natumia vidonge vya kukuza nywele na kucha. Vinahusika?

Vinaweza kuhusika. Vingi vina biotini, aina ya vitamini, kwa wingi, nayo huvuruga baadhi ya mashine za maabara. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017, hasa kuhusu troponini kusomeka chini kuliko ilivyo. Watu hawavitaji kwa sababu hawavihesabu kuwa dawa. Vitaje.

19. Nimepimwa CA-125, kipimo cha damu cha saratani ya ovari, ikawa juu, nikaambiwa huenda nina saratani hiyo. Nina moyo ulioshindwa.

Kabla ya kuanza kuiaga familia, rudi kwa daktari wa moyo. CA-125 hupanda pia maji yanapojaa tumboni na kwenye utando wa mapafu kwa sababu ya moyo, kwa wanawake na hata kwa wanaume, na hushuka maji yakiondoka. Huko Hispania wameifanyia utafiti kama kiashiria cha maji mwilini. Uchunguzi wa ovari na kizazi, kwa picha ya ultrasaundi, ufanyike bado. Lakini namba hiyo pekee haitoshi kumpa mtu jina la saratani.

20. Baba yetu majibu yake ni mabaya. Tumemwomba daktari asimwambie. Tumekosea?

Nawaelewa, na karibu kila familia huja na ombi hili. Ninachokiona wodini ni kwamba mgonjwa huwa ameshajua. Anajua kwa sababu mnanyamaza akiingia, na kwa sababu hawezi kulala chali. Asichojua ni kwamba namba mbaya bado ina la kufanyiwa: dozi kuongezwa, chuma kwenye mshipa, chumvi kupunguzwa jikoni kwa nyumba nzima na si kwenye sahani yake peke yake.

Sisi humuuliza yeye kwanza: "Mzee, majibu yametoka. Ungependa nikueleze wewe, au nimweleze mwanao?" Baadhi husema mwambie mkubwa wangu. Wengi hujisogeza kwenye kiti, huvaa miwani, na kusema, "Leta hapa niione."